Mficha Uchi Hazai: Daftari la Kasoro na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Naomba nianze kwa kisa cha ng'ombe. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, nilitumia programu moja huria ya kuandikia iliyowekewa kikaguzi cha tahajia za Kiswahili. Kila nilipoandika neno "ng'ombe", mstari mwekundu ulijitokeza chini yake kana kwamba nimetenda kosa. "Ng'ambo" likapigwa mstari. "Ng'oa" likapigwa mstari. "Ng'amua" nalo halikusalimika. Kwa kuwa utafiti wangu ulihusu methali za wafugaji, kufikia sura ya tatu kurasa zangu zilikuwa zimetapakaa wekundu mithili ya uwanja wa machinjio. Basi nikalalamika. Nililalamika kwa wenzangu katika maabara ya tarakilishi, nikalalamika kwenye foleni ya mkahawa, na hatimaye nikalalamika kwa msimamizi wangu. Mwalimu alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na wenye programu umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nimemwambia kila mtu isipokuwa yule awezaye kutenda jambo. Makala haya yanadhamiria kutetea hoja moja iliyozaliwa na swali hilo, nayo ni kwamba uhai wa programu inayotunzwa na watu wa kujitolea hutegemea daftari lake la kasoro kuliko unavyotegemea werevu wa waandishi wake. Na kwamba kazi ya kulijaza na kulitunza daftari hilo, kwa kiasi kikubwa, ni kazi ya lugha. Maadamu ni kazi ya lugha, sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hatuna udhuru wa kuikwepa.

Yafaa tuelewane kwanza kuhusu istilahi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa wazi, hivi kwamba yeyote aweza kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza. Mfano unaojulikana sana ni Linux, kiini cha mfumo wa uendeshaji kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Kasoro nayo ni tendo lolote la programu lisilolingana na lile lililokusudiwa. Wazungu huiita mdudu, na wahandisi walilitumia jina hilo tangu kabla ya kuwapo kwa tarakilishi. Mnamo Septemba 1947, mafundi wa mtambo wa Harvard Mark II nchini Marekani walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari lao la kazi na kuandika maelezo kando yake. Watu hukisimulia kisa hiki kwa sababu ya nondo. Mimi naona uzito wake umo katika daftari. Mafundi wale hawakutosheka na kumtoa mdudu. Waliandika ni lini na wapi alipopatikana, ili ajaye baada yao asianze upya.

Miradi mikubwa ya programu huria imefuata nyayo hizo. Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, una mfumo ambapo kila ripoti ya kasoro hutumwa kwa barua pepe, hupewa nambari yake, na huwekwa mahali ambapo ulimwengu mzima waweza kuisoma. Mwaka 1998, msimbo wa kivinjari cha Netscape ulipowekwa wazi na kuzaa mradi wa Mozilla, daftari lililoitwa Bugzilla liliundwa kwa ajili hiyo hiyo, na baadaye likaazimwa na miradi mingine mingi. Aidha, katika Mkataba wa Kijamii uliopitishwa na Debian mwaka 1997, mojawapo ya ahadi ni kwamba mradi hautaficha matatizo yake na kwamba daftari la kasoro litakuwa wazi kwa umma wakati wote. Wahenga wetu walikwisha kulinena hilo kwa maneno matatu: mficha uchi hazai.

Hata hivyo, uwazi pekee hautoshi. Eric Raymond, katika andiko lake la mwaka 1997 kuhusu jinsi programu huria zinavyoundwa, alidai kuwa wingi wa watazamaji hurahisisha ugunduzi wa kasoro. Ni hoja inayokubaliana na methali yetu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole kumi vilivyokaa mfukoni navyo havimvunji. Tuchukue mfano wa OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya mtandao. Mnamo Machi 2012 toleo lake moja lilisambazwa likiwa na kasoro iliyoruhusu mtu wa mbali kuchungulia kumbukumbu ya tarakilishi na kusoma hata nywila. Kasoro hiyo, iliyokuja kuitwa Heartbleed, ilitangazwa Aprili 2014. Kwa miaka miwili msimbo ulikuwa wazi machoni pa ulimwengu, nao ulimwengu ukapita. Waliokuwa wakiitunza programu yenyewe walikuwa kikundi kidogo mno cha watu. Kila mtu alidhani mwingine anatazama.

Kinyume chake kilitokea mwaka 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika tarakilishi yake ya mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde, msomaji! Wangapi kati yetu wangejali? Yeye alijali. Alifuatilia ucheleweshaji huo hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, ambamo mtu aliyejifanya mwenzi mwema wa kujitolea alikuwa ametia mlango wa siri. Tarehe 29 Machi 2024 Freund aliwaandikia wahusika hadharani, akieleza alichokiona, jinsi alivyokiona, na kile ambacho bado hakuwa na hakika nacho. Hatari kubwa ikaepushwa kabla ya kuenea. Tofauti kati ya visa hivi viwili si wingi wa macho. Ni kwamba katika kisa cha pili jicho moja lilikuwa na ulimi.

Sasa nirejee kwa ng'ombe wangu. Baada ya swali la mwalimu niliona haya, nikaenda kwenye daftari la kasoro la programu ile na kuandika ripoti yangu ya kwanza. Naikumbuka neno kwa neno kwa sababu inaniaibisha: "Kikaguzi chenu cha Kiswahili hakifanyi kazi. Inaonekana hamkijali Kiswahili." Niliiandika kwa Kiingereza, lakini hiyo ndiyo iliyokuwa maana yake. Siku mbili baadaye nilipata jibu kutoka kwa mtu wa nchi nyingine ambaye hadi leo sijamwona uso. Hakunijibu kwa hasira. Aliniuliza maswali manne: Unatumia toleo gani? Uliandika nini hasa, herufi kwa herufi? Ulitarajia kuona nini? Uliona nini badala yake? Kisha akaongeza ombi: nijaribu neno hilo hilo kwa njia mbili tofauti nione kama matokeo yatakuwa sawa.

Nusura niache. Niliona kama ananitwisha mzigo wake. Lakini jioni ile nilijaribu, na nikagundua jambo ambalo kwa miaka miwili ya kulalamika sikuwa nimeliona. Nilipopiga neno "ng'ombe" mwenyewe kwenye kibodi, lilipata mstari mwekundu. Nilipolinakili kutoka kwenye barua pepe na kulibandika katika ukurasa ule ule, halikupata. Maneno mawili yaliyofanana kama pacha, moja lina kosa na jingine halina! Niliyaandika hayo katika daftari. Kesho yake jibu likaja: tatizo lilikuwa ritifaa. Katika orodha ya kimataifa ya herufi iitwayo Unicode, ritifaa iliyonyooka ina msimbo U+0027, ilhali ile iliyopinda ina msimbo U+2019. Kamusi ya kikaguzi ilikuwa imeandikwa kwa ritifaa iliyonyooka. Programu nayo, kwa kutaka kupendezesha ukurasa, ilikuwa ikiipinda kila ritifaa niliyoipiga. Kwetu sisi, "ng'" ni sauti moja isiyogawika. Kwa tarakilishi, ilikuwa n, g, na alama isiyoijua. Hapakuwa na dharau kwa Kiswahili. Palikuwa na pengo la ujuzi ambalo ni mzawa wa lugha pekee angeweza kuliona, na ambalo mzawa huyo alikuwa akilizungumzia kwenye foleni ya mkahawa.

Kisa hicho kilinifunza mambo mawili. La kwanza ni ugumu wa kazi ya yule aliyenijibu. Watu hudhani kwamba anayestahili sifa katika mradi wa kujitolea ni yule aandikaye msimbo. Nyuma yake yupo mtunza daftari. Huyu husoma kila ripoti iingiayo, na nyingi ni kama ile yangu ya kwanza. Huzitafuta zile zinazorudia jambo moja na kuziunganisha. Hujaribu kuizalisha kasoro katika tarakilishi yake, maana kasoro isiyozalishika haitengenezeki. Huipima uzito, Debian, kwa mfano, ina ngazi saba, kuanzia kasoro iwezayo kuharibu mfumo mzima hadi ile ambayo kwa hakika ni matakwa tu ya mtumiaji. Huifikisha kwa anayeweza kuirekebisha, na baada ya marekebisho humrudia mlalamishi ili athibitishe. Haya yote huyafanya usiku, baada ya kazi yake ya kutwa, bila ujira. Akichoka, ripoti hurundikana. Zikirundikana, watumiaji huona hawasikilizwi na huacha kuripoti. Wakiacha kuripoti, programu hufa polepole huku kila mtu akiisifu.

La pili ni kwamba nilichokosa hakikuwa elimu ya tarakilishi, bali nidhamu ya maelezo. Mtayarishaji programu Mwingereza, Simon Tatham, aliandika mwaka 1999 insha kuhusu namna ya kuripoti kasoro, na kiini cha ushauri wake ni kutenganisha yale uliyoyaona na yale unayoyakisia. "Hakifanyi kazi" ni hukumu. "Hamkijali Kiswahili" ni dhana juu ya nia ya mtu. Ushahidi haukuwamo. Je, huu si ule ule ubainishaji tunaofunzwa katika isimu, kwamba data huja kwanza na uchanganuzi baadaye? Je, si sisi tunaotumwa nyanjani kurekodi tamko jinsi lilivyotamkwa badala ya jinsi tunavyodhani lingefaa kutamkwa? Mwanaisimu aliyefunzwa vyema amekwisha kufuzu nusu ya kazi ya kuripoti kasoro, ila hajui.

Isitoshe, zipo kasoro ambazo mwanasayansi wa tarakilishi hawezi kuziona hata akikesha. Zingatia ujumbe mfupi ambao programu hukupa baada ya kufuta kitu. Katika Kiingereza, mtayarishaji aghalabu huandika sentensi moja yenye pengo, kisha tarakilishi hulijaza pengo hilo kwa nambari na jina. Kiswahili hakikubali ukatili huo. Faili moja imefutwa, faili tatu zimefutwa. Ujumbe mmoja umefutwa, jumbe tatu zimefutwa. Kitabu kimefutwa, vitabu vimefutwa. Sentensi yenye pengo ikitafsiriwa kwa kiambishi kimoja, upatanisho wa kisarufi husambaratika, na mtumiaji huambiwa kwamba "kitabu imefutwa". Asiyejua ngeli huona sentensi iliyotafsiriwa vizuri. Anayejua ngeli hucheka, hufunga tarakilishi, na kusema kuwa Kiswahili cha mashine ni kibovu. Wa kwanza hana uwezo wa kuripoti. Wa pili ana uwezo lakini hatimizi wajibu. Kati yao kasoro huishi maisha marefu.

Hapa ndipo ninapotukosoa sisi wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua ya kujivunia. Tangu wakati huo mada za Kiswahili na teknolojia hazijakauka katika makongamano yetu. Kila mwaka tunathibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba sayansi. Mradi wa OpenOffice.org wenyewe uligawanyika mwaka 2010, ukazaliwa LibreOffice, ambao daftari lake la kasoro li wazi kwa yeyote mwenye barua pepe. Naomba kila msomaji ajiulize kwa dhati: nimewahi kuandika humo hata mara moja? Tunaandika tasnifu kuhusu istilahi za tarakilishi, tunabishana iwapo tuseme "faili" au "jalada", kisha tunaandika tasnifu hizo kwa programu za Kiingereza kwa sababu zile za Kiswahili "zina makosa". Makosa hayo tumemwambia nani?

Najua kuna pingamizi, na ni haki kuzisikiliza. Kwanza, baadhi watasema kwamba kufanya kazi bila malipo ni kunyonywa, hasa pale ambapo makampuni tajiri yanaitumia programu hiyo hiyo kuchuma faida. Pingamizi hili lina ukweli. Kisa cha OpenSSL kilionyesha jinsi ulimwengu ulivyoegemea mabega ya wachache bila kuwajali. Lakini programu ya Kiswahili haina soko kubwa linaloivutia kampuni. Tusipoitunza sisi, hapana atakayenyonywa kwa sababu hapatakuwa na programu. Pili, wengine watasema kwamba madaftari hayo huandikwa kwa Kiingereza, na mama muuza duka wa Kongowea au kijana wa Kakamega hataweza kujieleza humo. Hili ni zito zaidi, na ndilo linaloupa mchango wetu thamani. Mtu huyo anahitaji mkalimani: wa kumsikiliza kwa Kiswahili, kumuuliza maswali yale manne kwa Kiswahili, kuipeleka ripoti kwa lugha wanayoielewa watunzaji, na kumrudishia jibu kwa lugha yake. Kazi hiyo haihitaji kujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Tatu, watakuwapo watakaosema kwamba waliwahi kuripoti na wakapuuzwa. Nakiri kwamba hutokea. Yapo madaftari ambamo ripoti hukaa miaka bila jibu, na mengine hufunga ripoti za zamani kwa mkupuo ili orodha ionekane fupi. Kwa maoni yangu, kuifunga ripoti kimyakimya ni kosa kubwa kuliko kuiacha wazi bila kuitengeneza. Aliyeripoti ametoa wakati wake. Anastahili kuambiwa ukweli, hata ukiwa ni "hatuna mtu wa kuifanya kazi hii". Jibu la aina hiyo halimvunji moyo mtu mzima. Kinachomvunja moyo ni kubisha hodi katika nyumba yenye taa na asifunguliwe. Kwa hivyo wajibu una pande mbili: mripoti alete ushahidi badala ya lawama, naye mtunzaji alete jibu badala ya kimya.

Napendekeza basi mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Mosi, kila chama cha Kiswahili katika vyuo vyetu kimteue katibu wa kasoro, sawa na kilivyo na katibu mwenezi, ambaye kazi yake ni kukusanya makosa ya Kiswahili yanayopatikana katika programu huria na kuyafikisha panapohusika. Pili, wahadhiri wanaofunza uandishi wa kiuamilifu waijumuishe ripoti ya kasoro miongoni mwa ripoti wanazozifunza. Badala ya kumwagiza mwanafunzi aandike ripoti ya kubuni kuhusu mkasa ambao haukutokea, aagizwe kuandika ripoti ya kweli ambayo itasomwa na mtu wa kweli na huenda ikaleta badiliko. Tatu, wachache wetu wenye subira wajitolee kuwa watunza daftari katika miradi yenye tafsiri za Kiswahili: kuunganisha ripoti zinazojirudia, kuuliza maswali, kuthibitisha marekebisho. Saa mbili kwa mwezi zinatosha kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kasoro ya ritifaa ilirekebishwa miezi saba baada ya ripoti yangu ya pili. Sikuirekebisha mimi, wala jina langu halimo katika msimbo. Nilipopakua toleo jipya niliandika neno "ng'ombe", nikasubiri. Mstari haukutokea. Nikaandika "ng'ambo", "ng'oa" na "ng'amua", na ukurasa ukabaki mweupe. Kisha nikaandika "ng'ong'ona", nalo likapigwa mstari mwekundu. Safari hii sikwenda mkahawani. Nilifungua daftari, nikaandika toleo ninalotumia, nilichokipiga, nilichokitarajia, na nilichokiona.